Tupeane uzoefu: njia gani ukipita unamkumbuka rais gani?

Mtoto wa Kwerekwe:
Asalam alaykum wenye baraza. Jana usiku nimepita chini ya lile daraja la juu la Kwerekwe mvua inamwagika, gari haijazimika, nikacheka peke yangu. Maana mie pale nshavuka viatu kichwani maji yako kiunoni naenda skuli, nafika daftari la hesabu limekuwa uji. Mwanangu kiti cha nyuma ananiuliza baba unacheka nini, ntamwambiaje akanielewa? Sasa nauliza, sio siasa jamani, njia gani ukipita unamkumbuka rais gani, kwa kumuombea dua au kwa kumlaani? Toeni yaliyokukuteni wenyewe, sio ya kwenye TV.

Dereva 603:
Sio siasa halafu unauliza rais 😂😂

Binti Michenzani:
Mie ni zile njia mbili pana zinazokutana raundabauti ya Michenzani. Wageni wanapiga picha maghorofa, mzee Karume kayajenga na Wajerumani wa Mashariki, na kweli kajenga, mie nimezaliwa humo sikatai. Lakini bibi yangu kila tukipita alikuwa akinionesha kwa kidole katikati ya lami, "jiko langu lilikuwa hapa". Nyumba yao ya Ng'ambo ilivunjwa wakapewa fleti ghorofa ya tano, lifti hamna, akapanda na kuku wake. Na mzee kauliwa 1972 majengo hayajesha, Jumbe kayaendeleza, ila muulize yeyote kama kuna anayesema ni ya Jumbe.

Ukuta Mkongwe:
Hata Marekani hivyo hivyo. Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu 1956 akasifiwa miaka na miaka, huku waliovunjiwa wakilalamika kwamba nyingine zilikatwa juu ya mitaa ya watu weusi. Bibi yako na wale lao moja.

Karafuu Kavu:
Nilikuwa nasoma tu lakini huyo bibi na jiko lake kanichokoza. Mie kwetu Mtambwe, Pemba. Masika ya 1998, Komandoo, Salmin Amour, yuko Ikulu, baba kafariki Unguja, tukamleta kwa meli, meli yenyewe imechelewa, Mkoani tumeshuka adhuhuri ishapita, tukakodi gari ya mbao mpaka Bahanasa. Pale dereva kazima injini kasema mie mwisho wangu hapa. Simlaumu, wanaoijua njia ile kabla ya lami wanajua, udongo ukinyeshewa unakuwa sabuni. Basi tukatia jeneza mabegani, watu wanane, mvua, magharibi inaingia. Kwenye mteremko mguu wangu ukateleza, mie ndo nipo mbele kulia, jeneza likalala upande na nikamsikia baba anavyogonga ubao kwa ndani. Wallahi ile sauti mpaka leo nikisikia mlango unagongwa polepole nashtuka. Tukaweka chini, hakuna aliyesema kitu. Mara tunaona taa inakuja, gari ya ng'ombe, na juu yake jirani yetu mmoja wa chama kile kingine, yeye CCM sisi CUF. Nyinyi wa Pemba mnajua siku zile zilivyokuwa, yule alikuwa hasalimiwi, dukani kwake hatununui, alipofiwa na mkewe sisi hatukwenda, hata baba hakwenda. Hakutoa salamu, alijua hatutoitika. Kageuza tu ng'ombe, kashuka, kasimama pembeni anatizama chini. Ami yangu akasema bora tubebe. Nikasema mie ndo mtoto wa maiti, pakieni. Tukazika kwa taa yake, isha ishaadhiniwa. Kwenye hitima hakuja na hakualikwa.
Lami imekuja baadae sana kwa zile pesa za Wamarekani, Bush mwenyewe kaja Dar es Salaam Februari 2008 kasaini na Kikwete, huku Zanzibar rais Amani Karume, inakuja kumalizwa yupo Shein. Sasa mwenye mada, hapo nimkumbuke nani katika wanne hao? Mie nikipita namuona ng'ombe.

Bi Shamba:
Innalillahi. Nimelia kazini.

Mzalendo Halisi:
Pole, lakini tuseme ukweli, kususiana mlianza nyie.

Kijana wa Konde:
Tulianza sisi?? Nani alikuwa anafukuzwa kazi wakati ule, wewe? Usinichafue roho.

Mzalendo Halisi:
Ndo hasira zenu hizo hizo.

Mtoto wa Kwerekwe:
Jamani njia, njia! Nyie wawili nendeni mkagombane inbox.

Kijana wa Konde:
Haya njia. Februari 2021 tumekwenda kumzika Maalim Seif kwao Mtambwe, umati ule, kwa lami hiyo hiyo. Urais hajaupata hata siku moja na watu wamejaa vile. Weka hiyo kwenye mizani yako.

Bi Shamba:
Karafuu Kavu mtafute huyo mzee umuombe radhi.

Ukuta Mkongwe:
Asimtafute, atamtia aibu bure mtu mzima. Mpelekee gunia la karafuu uondoke.

Dereva 603:
Gunia zima kwa bei ya sasa? Pishi mbili zinatosha 😂 Mie yangu fupi, miaka yote Chake–Mkoani rais wangu ni fundi springi, nimemsomeshea watoto. Atakayenikosesha kwenda gereji mwaka mzima ntampa mwanangu jina lake, chama chochote.

Binti Michenzani:
Jina lenyewe halisaidii. Creek Road imeitwa Benjamin Mkapa zamani hizo, hebu mwambie konda "nishushe Mkapa" uone utavyotizamwa. Ni Darajani tu, na daraja lenyewe lishafukiwa hatujazaliwa.

Karafuu Kavu:
Mnaoniuliza, yule mzee kafariki 2016. Tulikwenda kumzika, ami pia. Kutoka Bahanasa kwa gari dakika 12.

Dereva 603:
Dakika 12 umekimbiza, kule kuna matuta.