Boza la maji linatoka siku ya wakaguzi tu! Vumbi la makaa ya mawe linatumaliza Mtwara

Wakuu, habari zenu. Nimevumilia sana, leo naandika nikiwa na hasira.

Tunakaa pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara, upande wa barabara ya Masasi, na tumepakana na yadi ya makaa ya mawe. Mzigo unachimbwa Mbinga huko Ruvuma, unapita Songea, Tunduru na Masasi, unamwagwa hapa kusubiri meli. Tangu makaa yapande bei duniani mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, malori hayakatiki usiku na mchana. Biashara hatuipingi. Bandari imechangamka, vijana wanapata vibarua, mama ntilie wanauza. Kwa hiyo atakayekuja hapa kuniambia nafukuza wawekezaji, asome kwanza mpaka mwisho.

Yadi hii ina cheti cha mazingira, na cheti kina masharti. Kabla hawajaanza kazi waliitisha mkutano wa mtaa, mtaalamu wao akatusomea moja baada ya jingine: marundo yatamwagiwa maji kila siku, malori yatafunikwa turubai, matairi yataoshwa kabla gari halijapanda lami, utajengwa uzio wa kukinga upepo na kupandwa miti, maji ya mvua yatapitishwa kwenye mitaro hadi bwawa la kutuamisha tope. Tukasaini mahudhurio, tukarudi majumbani.

Njooni muone sasa. Boza limeegeshwa nyuma ya ofisi, siku zinapita halijawashwa. Asubuhi mkiliona linamwaga maji, mtaa mzima unajua leo kuna ugeni. Na kweli, kabla ya adhuhuri gari la wakaguzi linaingia, watu wanavalishwa kofia ngumu, wanatembezwa upande uliofagiliwa, wanaondoka. Kesho yake vumbi palepale. Nani anawapa hawa watu taarifa? Mkaguzi anayepiga hodi siku mbili kabla anakwenda kukagua nini?

Kipindi cha kusi ndiyo balaa. Upepo unakomba rundo juu na kulishusha kwetu. Shuka nyeupe ukiianika asubuhi, mchana unaikuta na mstari mweusi pale ilipokunjika kwenye kamba. Msimu wa korosho ukianza, tunaanika uani kama tulivyozoea, korosho zinashika weusi. Bibi mmoja jirani yangu alirudishiwa gunia lake ghalani, akaambiwa akalisafishe kwanza. Nilimkuta barazani na kitambaa kibichi, anafuta korosho moja moja. Moja moja, wakuu! Mama wa watu kapalilia, kapuliza salfa, kaokota, halafu anafuta uchafu wa tajiri asiyemjua, kwa sababu kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kwa mnada kupitia ghala, daraja ndiyo bei.

Maji nayo. Wengi huku tunakinga ya mvua kwenye bati. Mvua za kwanza zikinyesha, kinachotoka kwenye mfereji ni cheusi tititi. Tunayamwaga ya mwanzo, lakini vumbi halishi juu ya bati, linaendelea kuingia kwenye simtanki na kutulia chini. Ukikoroga kidogo linapanda. Na tunavuta hewa hiyohiyo. Chembe zinazoonekana kwa macho ndizo afadhali, maana nyingi zinanaswa puani. Zile ndogo kabisa, za chini ya maikromita 10 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zinashuka kifuani, na za chini ya 2.5 zinafika ndani kabisa ya mapafu. Watoto wetu wanalala humo.

Halafu kuna moto. Makaa yakirundikwa muda mrefu bila kushindiliwa, hewa inapenya ndani, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka bila mtu kuwasha kiberiti. Dawa yake inajulikana: shindilia rundo, usilipandishe juu mno, mzigo uliotangulia kuingia utangulie kutoka. Hapa rundo la kona ya nyuma limefuka moshi usiku kucha, harufu ya kiberiti imejaa vyumbani, na mlinzi anatuambia ni hali ya kawaida!

Bwawa la kutuamisha limejaa tope hadi ukingoni, halijazolewa tangu mvua zilizopita. Likifurika, maji yanateremka bondeni kwenye mpunga na mchicha. Makaa mengi yana salfa iliyoshikana na chuma. Ikikutana na maji na hewa inazaa tindikali, ndiyo maana mtaroni kuna utando wa rangi ya kutu. Kuchota tope kwa kijiko ni kazi ya siku chache tu, na kijiko wanacho, kila siku kinapakia malori.

Serikali yenyewe inajua makaa ni mzigo mchafu, ndiyo maana ikaamua bandari ya mizigo ya namna hiyo iwe Kisiwa Mgao, hukuhuku mkoani Mtwara. Sawa, lakini sisi tunaishi leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, haijasema isipokuwa wanaokaa karibu na yadi.

Tunataka masharti ya cheti yabandikwe ofisi ya kata, kila mtu ayasome. Tunataka ukaguzi wa kushtukiza, tena wakati wa kusi, na wakaguzi waingie majumbani kwetu pia. Na bwawa lizolewe kabla ya mvua, siyo baada.

Ndugu zangu wa Tunduru, Masasi na njia yote ya malori, mkiona lori la makaa halina turubai, lipigeni picha mweke hapa pamoja na tarehe na mahali. Mnaokaa mtaani kwetu, barua ipo kwa mwenyekiti wa mtaa. Pitieni msaini, Jumatatu inakwenda kwa mtendaji wa kata na nakala kwa mkuu wa wilaya.