Mjadala: Je, uraia wa kurithi ukome kwa mtoto, usimfikie mjukuu?

Mleta mada, Dubai

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo kila likiguswa humezwa na mjadala wa uraia pacha, na huo ukishaanza hakuna tena anayesikia kingine. Jambo lenyewe ni hili: je, ni haki kwamba uraia wa Tanzania, kwa familia iliyo nje, urithishwe mara moja tu kisha ukatike?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 6, inasema kwamba mtu aliyezaliwa nje ya Jamhuri ya Muungano ni raia wa kurithi tangu siku aliyozaliwa, iwapo siku hiyo baba yake au mama yake alikuwa raia, ila mzazi huyo asiwe naye ni raia wa kurithi. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa. Mimi nimezaliwa Tanga, kwa hiyo ni raia wa kuzaliwa. Mwanangu alizaliwa hapa mwaka 1997, akapata pasi ya Tanzania bila taabu kwa kuwa vyeti vyetu sisi wazazi vilikuwepo, na kila inapokwisha muda ameiomba upya. Alipokua akamwoa binti wa rafiki yangu, ambaye amezaliwa Sharjah na ni raia wa kurithi kama yeye. Hakuna kati yao aliyewahi kuwa na uraia mwingine, maana katika nchi za Ghuba mtoto wa mgeni hubaki mgeni hata kama familia imekaa hapo miaka hamsini.

Sasa wamepata mtoto. Tulijaza fomu, tukakusanya vyeti vya kuzaliwa vya wazazi na vya sisi mababu na mabibi, tukafunga safari kwenda kuomba pasi ya mtoto. Ofisa aliyetupokea hakuwa mkali hata kidogo. Alisoma nyaraka zote, akatueleza kwa upole kwamba baba ni raia wa kurithi, mama ni raia wa kurithi, na sheria haina mahali pa kumweka mtoto. Huku nako mtoto mchanga hupewa siku 120 tangu kuzaliwa awe amepata kibali cha ukaazi, na kibali hakigongwi hewani, kinataka pasi.

Mnielewe vizuri. Siombi mjukuu wangu awe na uraia wa nchi mbili. Naomba awe nao wa moja.

Karani mstaafu, Dodoma

Shikamoo, mzee mwenzangu, maana kwa hesabu ya wajukuu huenda umenizidi. Nimesoma maelezo yako na nimehuzunika, lakini nitakuwa mnafiki nisipoutetea mpaka huu uliowekwa na sheria, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi.

Kwanza, si Tanzania peke yake. Uingereza nayo, tangu sheria yake mpya ya uraia ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, raia wa kurithi kwa kawaida hamrithishi mtoto aliyezaliwa nje. Hoja yake ni rahisi: uraia ni mahusiano ya mtu na nchi, na vizazi vinavyozaliwa na kuzikwa nje vinabaki na jina la nchi tu. Pasipo mpaka, miaka mia ijayo tutakuwa na raia wasioijua Tanzania isipokuwa kwa rangi za bendera.

Pili, na hili ndilo lililonitoa jasho kazini, ni ushahidi. Watu wanadhani kurithi uraia ni jambo la damu, kumbe ni jambo la karatasi. Wazazi wengi waliozaliwa vijijini miaka ya 1950 na 1960 hawakuandikishwa kabisa, na hata kwa sensa ya mwaka 2012, ni asilimia 13 hivi tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Kinacholetwa mezani ni kiapo cha mahakamani cha mjomba, barua ya mwenyekiti wa kijiji na cheti cha ubatizo. Mnakumbuka mwaka 2001, serikali ilipotamka kwamba mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu si raia, mtu aliyekuwa ameshakuwa mbunge na mkuu wa wilaya? Ikiwa anayeishi Dar es Salaam na kujulikana na kila msomaji wa magazeti anaweza kuhojiwa uraia wa wazazi wake, itakuwaje kwa mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, ambaye inabidi tuthibitishe babu, kisha baba, ndipo tumfikie yeye?

Milango ipo. Mkweo akijifungulia nyumbani, mtoto atakuwa raia wa kuzaliwa kwa kifungu cha 5. Na kwa huyu aliyekwisha kuzaliwa, sheria hiyo hiyo inampa Waziri mamlaka ya kumpa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, mtoto mdogo wa raia, mzazi akiomba.

Mama wa watatu, Minnesota

Naomba nitofautiane nanyi nyote wawili, wazee wangu, kwa heshima. Mleta mada anasema uraia pacha unameza hoja yake. Mimi nasema ni hoja moja, ila ninyi mnaishi mahali ambapo mtoto hapewi kitu, na mimi naishi mahali ambapo mtoto amepewa bila kuulizwa.

Wanangu wamezaliwa Marekani, na kwa Katiba ya hapa aliyezaliwa ndani ni raia. Mimi bado ni Mtanzania, nina kibali cha ukaazi wa kudumu tu, na kwa hiyo watoto ni Watanzania wa kurithi tangu walipozaliwa. Pasi za Tanzania nimewaombea wote watatu. Mkubwa wangu amesafiri na pasi hiyo mara mbili kwenda Moshi kumwona bibi yake. Mwaka huu anatimiza miaka 18, na kifungu cha 7 kinamtaka, ndani ya muda uliowekwa, aukane uraia wa Marekani na kula kiapo cha utii, la sivyo anakoma kuwa raia wa Tanzania. Hakuna mtu anayemwandikia barua kumkumbusha. Akinyamaza, na kijana gani wa miaka 18 asiyenyamaza mbele ya fomu, uraia unaondoka wenyewe kimya kimya.

Mzee wa Dodoma anasema uraia ni mahusiano. Basi huyu wangu anayo. Anazungumza Kichaga kibovu na Kiswahili kizuri, na analijua kaburi la babu yake lilipo. Ila mahusiano yake hayahesabiwi, inahesabiwa karatasi ya hospitali aliyozaliwa.

Msinijibu kwa hadhi maalum. Naijua. Bunge lilipitisha mwaka 2025 marekebisho yaliyogusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, ili mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia wa kwingine aweze kuingia, kukaa na kumiliki ardhi. Ni hatua, sikatai, hasa kwa wanaotaka kujenga, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikuwa inamhesabu mtoto wa Mchaga sawasawa na mwekezaji kutoka popote. Lakini hadhi hiyo haimpi kura wala haimfanyi raia. Inamfanya mgeni anayependwa.

Msomaji wa sheria, Mombasa

Jirani zangu, niwaeleze yaliyotokea upande wetu, yenye sifa na yenye aibu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au asiwe amezaliwa Kenya. Tazameni neno hilo "wa kuzaliwa". Mtoto wa Mkenya aliyezaliwa London hawekwi kwenye kapu la "kurithi" lenye daraja pungufu, kwa hiyo naye mwanawe akizaliwa London anamrithisha vilevile. Bunge limepewa ruhusa na ibara hiyo hiyo kuweka mipaka kwa vizazi vya nje, lakini mpaka haukuandikwa kwenye mlango wenyewe kama wenu. Ibara ya 16 nayo inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine.

Na kwa dada wa Minnesota, ibara ya 78 ingekufurahisha. Inamkataza ofisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini inamwondoa katika katazo hilo yule ambaye sheria ya nchi nyingine imemfanya raia bila yeye kuwa na njia ya kukataa. Yaani waandishi wa Katiba yetu walikubali kwamba kuna uraia unaochukuliwa na kuna uraia unaompata mtu amelala kitandani hospitalini. Sheria yenu, kwa kijana wa miaka 18, haiitambui tofauti hiyo.

Msifikiri kwetu ni mteremko, lakini. Mwenye uraia wa nchi mbili ana miezi mitatu ya kuutangaza, na asipotangaza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Na aibu niliyoitaja ni hii. Huku Wakenya wa ng'ambo wakirudishiwa uraia wao kwa ibara moja ya Katiba, Wamakonde waliokaa Kwale vizazi kadhaa bila uraia walitambuliwa mwaka 2016, nao Wapemba wa Kilifi, wavuvi tunaokula samaki wao kila siku, wakasubiri hadi mwaka 2023. Mjukuu wa London alitangulia kwa sababu babu yake alikuwa na cheti. Mzee wa Dodoma amesema kweli kuhusu karatasi, ila mimi nafikia hukumu tofauti na yake: ikiwa tatizo ni karatasi, rekebisheni uandikishaji, msimwadhibu mtoto.

Mzanzibari, Muscat

Nitasema kwa ufupi lisilosemwa Dodoma kwa sauti. Kila suala hili likifika Bungeni, wengine hawamwoni mtoto wa Minnesota wala wa Dubai, wanawaona walioondoka Unguja na Pemba baada ya Januari 1964, na wanahofia mashamba na nyumba kudaiwa. Hofu hiyo inavunjwa na jambo moja dogo: Oman yenyewe hairuhusu raia wake kuwa na uraia wa pili bila idhini ya Sultani. Hata Tanzania ikifungua mlango kesho asubuhi, jamaa zangu wengi hawataupita, kwa sababu gharama yake ni kupoteza walicho nacho hapa. Watoto wa wafanyakazi wa juzi na jana, ambao hawana chochote hapa, ndio wanaoumia kwa sheria iliyoandikwa kwa kuwaogopa wengine.

Mleta mada, Dubai

Nawashukuru. Dada wa Minnesota, nimekubali kwamba hoja zetu ni ndugu, lakini naomba zisipande jukwaani pamoja, kwa sababu yako itapigiwa kelele za uzalendo na yangu itafukuzwa nayo. Ninachokitaka kinaingia katika sentensi moja ya nyongeza kwenye kifungu cha 6: kwamba mtoto aliyezaliwa nje na mzazi aliye raia wa kurithi atakuwa raia iwapo bila hivyo angekosa uraia wa nchi yoyote, mradi aandikishwe ubalozini ndani ya mwaka mmoja. Hofu ya mzee wa Dodoma kuhusu vizazi vya bendera haiguswi hapo, maana atakayekuwa na uraia mwingine hatahusika.

Mzee wangu, marahaba. Ombi la tajnisi tumeshalipeleka na tunasubiri, ingawa utakubaliana nami kwamba kinachotegemea hiari ya Waziri hakiitwi haki. Ushauri wako wa kujifungulia nyumbani nao tumeuzingatia, kwa kuwa mkwe wangu ni mjamzito tena, na mwezi wa saba tulikuwa tumekusudia asafiri hadi Tanga kwa dada yangu, kabla mashirika ya ndege hayajamkataa kwa ukubwa wa mimba. Mume wake hawezi kuacha kazi, na mtoto wa kwanza bado ananyonya, hawezi kuachwa. Kwa hiyo atakwenda naye. Sasa nieleze, wewe uliyekaa upande wa pili wa meza: huyo wa kwanza atapanda ndege kwa hati gani?