Faini ya skuli kwa ajili ya Idi, na jee ILR yetu, ruhusa ya kukaa Uingereza moja kwa moja?

Kutoka: Mama Ilham

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote wa zamani na wageni. Naomba msaada wenu maana tangu jana mchana sijatulia. Zimekuja bahasha nne kutoka kaunsili, mbili jina langu na mbili jina la baba yao, faini ya mahudhurio ya skuli, paundi 80 kila mzee kwa kila mtoto tukilipa ndani ya siku 21, tukichelewa inakuwa 160. Yaani 320 hapo kwa papo. Kisa ni Idi jamani. Ile Idi ndogo sisi msikiti wetu tumesali Jumatatu tarehe 31 Machi 2025, skuli wakasema Idi ilikuwa Jumapili, wao wameona kwenye intaneti, kwa hiyo Jumatatu watoto wangu hawana ruhusa. Ikaja Idi ya Mfunguo Tatu, Ijumaa tarehe 6 Juni, hiyo wakaikubali wakaandika R kwenye rejista, yaani ruhusa ya dini, lakini mimi sikuwapeleka Jumatatu wala Jumanne kwa sababu kwetu sikukuu ni siku nne na shangazi yao kaja kutoka Unguja, aje akute nyumba tupu? Ongeza na zile asubuhi baba yao anatoka zamu ya usiku anawafikisha rejista imeshafungwa, basi wamejumlisha wee mpaka zikafika zile sesheni 10 za kupigwa faini, kila sesheni nusu siku.

Mkubwa yuko Year 2, mdogo yuko Reception, darasa la kuanzia, katimiza mitano mwezi wa tano. Swali langu hasa ni hili: mwezi wa tisa tunajaza fomu ya SET O ya kuomba ILR. Hii faini naiandika kwenye fomu au siiandiki? UKVI, watu wa uhamiaji, wataiona? Itatuharibia? Naombeni anayejua kwa uhakika, si wa kukisia.

---

Kutoka: Baba Mapacha
Re: Faini ya skuli

Pole sana dada. Hiyo kitu ilinipata na mimi. Tulienda ushago Disemba, si unajua bei ya tiketi shule zikifungwa, inaruka mara mbili, nikasema heri niwatoe wiki moja mapema. Kurudi barua iko mlangoni. Nililipa nikanyamaza, ni 60 tu kila mtu, ukipiga hesabu ya tiketi bado uko mbele. Na sijuti, watoto walikula Krismasi na nyanya yao, wakafukuza kuku, wakaona mbuzi akichinjwa, huku Disemba ni kuvaa sweta ya Krismasi na kupeleka pauni moja shuleni basi. Lipa tu usonge mbele.

---

Kutoka: Msaidizi wa Darasa
Re: Re: Faini ya skuli

Baba Mapacha hiyo 60 ni ya zamani, tusipotoshane. Tangu Agosti 2024 England nzima ni 80, na ya pili kwa mtoto yuleyule ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja bila punguzo, na ya tatu hakuna faini tena, wanaangalia kukupeleka mahakamani. Nafanya kazi shuleni, nayaona haya kila wiki.

Mama Ilham, R wanaitoa kwa siku ambayo dini yenyewe imeitenga, si siku ambayo familia imejipangia. Kwa hiyo Idi pili na Idi tatu hazimo, hata ulie. Ila ile ya 31 Machi unaweza kuipigania, muombe imamu akuandikie barua kwa karatasi ya msikiti yenye nembo, aseme jumuiya yetu imesali siku hii, umpelekee mwalimu mkuu na nakala kwa EWO, afisa wa mahudhurio. Wakiigeuza kuwa R, sesheni mbili zinaondoka na ile 10 haipo tena. Rufaa rasmi ya faini hakuna, msidanganyane, unachoweza ni kuomba waifute kwa kuwa imetolewa kimakosa. Na zile za kuchelewa baada ya rejista kufungwa zinaandikwa U, zinahesabiwa kama hakuja kabisa sesheni ile, wazazi wengi hawalijui hili.

Halafu, huyo wa Reception kama katimiza mitano Mei, hajafikia umri wa lazima wa kusoma mpaka Septemba. Sioni faini yake inasimama wapi. Waandikie.

---

Kutoka: Baba Mapacha

60, 80, pesa ni pesa. Nilikuwa namliwaza mtu.

---

Kutoka: Mzee wa Vikokotoni

Nimesoma yote. Tatizo hapa si kaunsili, tatizo ni sisi wenyewe. Mtaa mmoja, misikiti mitatu, huyu Idi Jumapili, huyu Jumatatu, halafu tunamtaka Mzungu wa watu mwalimu mkuu ajue mwezi umeandama wapi. Nyumbani mwaka huu wamesali Jumatatu, Kenya Jumatatu, Saudia Jumapili, sisi huku kila mtu na lwake. Mimi nafuata Makka na nimemaliza.

---

Kutoka: Abuu Sumayya

Shikamoo mzee wangu, lakini hapo naomba nikupinge kwa heshima. Tufungeni kwa kuuona mwezi na tufungueni kwa kuuona. Huyo dada kafuata msikiti wake, kakosea nini? Hata Tanzania wapo waliosali Jumapili na wapo wa Jumatatu, na wote walikula pilau. Mwezi hauandami kwa imeili ya skuli.

---

Kutoka: Mzee wa Vikokotoni

Marahaba. Sikusema kakosea. Soma vizuri kabla ya kujibu.

---

Kutoka: Mama Wawili Glasgow

Nyie hamieni Scotland tu mambo haya yaishe, huku hakuna hizo faini za 80 wala 160, mimi Idi nawabakisha nyumbani mpaka nichoke mwenyewe 😂

Kwa upande wa sikukuu zenyewe nikwambieni ukweli, mimi kazi kubwa naiona si ruhusa, ni nini cha kuwafanyia hao watoto. Idi ya mwaka huu nimewavika kanzu mpya na kofia za kiua, tumesali, tumetoka, saa nne asubuhi tumesimama kwenye maegesho ya magari mvua inanyesha, mdogo kaniuliza, mama sasa Idi iko wapi? Nikawapeleka kula chipsi. Sisi tulikuwa tunazunguka mtaa mzima, kila nyumba unapewa mkono wa Idi, jioni Mnazi Mmoja, bembea, urojo, ubuyu, unarudi miguu imejaa vumbi na shilingi zote zimekwisha. Wangu mkono wa Idi wanatumiwa na shangazi zao kwa benki, unaingia kwenye akaunti yangu, wao hata noti hawaijui.

---

Kutoka: Msaidizi wa Darasa

Scotland hakuna faini hizo lakini kuna amri za mahudhurio na mahakama ipo. Usiwaambie watu wawabakishe wanavyotaka.

---

Kutoka: Shangazi wa Luton

Na si kila mtu anaweza kuhama, kazi zetu ziko huku.

Mimi nawaambia wenzangu, mzigo wa sikukuu za hapa nao mnausahau. Mwezi wa tatu siku ya vitabu mtoto avae mhusika wa hadithi, unaambiwa Jumatano usiku. Pasaka wanataka kofia ya mayai. Oktoba maboga. Diwali skuli yetu wanawasha taa na kuchora rangoli, hiyo naipenda kwa kweli. Disemba mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Wangu kafanywa ngamia miaka yote, nguo ya ngamia nimeishona mwenyewe kwa blanketi la kahawia na sasa inazunguka kwa majirani. Hata siku moja sikukataa, namwambia mwanangu nenda kacheze, wewe ni ngamia, ngamia hana dini. Lakini nikiomba mimi siku moja ya ziada nijaze fomu, nisubiri wiki mbili, nijibiwe hapana.

---

Kutoka: Mama Ilham

Ahsanteni. Msaidizi wa Darasa, Mungu akulipe, nitamwandikia imamu leo. Na ya mdogo nitawauliza. Ila swali la ILR bado jamani, baba yao hajalala.

---

Kutoka: Mama Neema Sheffield

Jambo yenu bote. Mie niko mu-Congo wa Goma, tulipitia Uganda mbele ya kufika huku. Minasoma hii mambo ya Idi na minaona sisi ba Kristo tuko nayo sawasawa. Kwetu Noeli na Bonane ndio mutoto anavalaka nguo ya mupya, viatu bya mupya, mama anapika kuku na mandazi, jirani anakuja bila kuita. Huku tarehe 2 ya mwezi wa kwanza baba alisharudi ku kazi, mambo imeisha.

Na ile 5 Novemba, siku ya fataki? Masomo ilituma karatasi, mukuje muone moto, ni sikukuu ya batoto. Ile sauti ya kwanza tu mukubwa wangu aliingia chini ya kitanda, kwake ile ni masasi ya bunduki. Januari tuliangalia ba-video ya Goma siku waasi ba M23 baliingia muji, dada yangu angali kule, na huyu mutoto alikuwa anasikia yote. Kama mutu anajua fasi ya kumupeleka ile siku, mahali ya kimya, aniambie. Kila mwaka wanapiga juma nzima, hawapigi siku moja.

---

Kutoka: Mama Wawili Glasgow

Pole mama. Mimi nilikuwa nawatoa tunaendesha gari mpaka ufukweni tunakaa ndani na redio juu. Baadhi ya maduka siku hizi wanauza fataki zisizo na kelele nyingi lakini majirani hawanunui hizo.

---

Kutoka: Binti Muscat

Salaam kutoka Muscat. Nawahurumia. Huku Idi watoto wanapata likizo ndefu wala huombi mtu. Kabla ya Idi kuna habta, soko la sikukuu, watu wananunua mbuzi na vitu vya watoto. Nyama ya shuwa inafukiwa shimoni na makaa, inatoka baada ya siku nzima au mbili. Na nusu ya Ramadhani watoto wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba qaranqasho wanapewa peremende, wangu wanaisubiri hiyo kuliko Idi yenyewe. Ila msidhani ni pepo, joto la Juni hapa mtoto hatoki nje mpaka magharibi, bembea zimo ndani ya moli, na bibi yao yuko Wete vilevile kama wa kwenu.

---

Kutoka: Baba Mapacha

Binti Muscat usituchokoze, tuko na mvua hapa.

Na hizi sikukuu za taifa mnawafanyia watoto nini? Wangu wanajua Jamhuri Day kwa sababu ya chapati tu.

---

Kutoka: Kijana wa Reading

Sisi mwaka jana tuliwapeleka sherehe ya Uhuru, ukumbi wa kukodi, watoto wamevaa bendera, hotuba zikaenda mpaka saa tatu usiku, wamelala kwenye viti. Ukifikiria hata nyumbani yenyewe inafutwa, Magufuli 2015 alifuta gwaride la tarehe 9 Disemba akasema watu washike mafagio, hela ziende barabara ya Mwenge Morocco, 2022 Samia naye akafuta, zikaenda mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mimi naunga mkono. Gwaride halimsaidii mtoto.

---

Kutoka: Mzee wa Vikokotoni

Uhuru wa Tanganyika huo. Sisi wa Zanzibar yetu ni tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, msituchanganyie watoto.

---

Kutoka: Abuu Sumayya

Mzee, uhuru wa Zanzibar ulikuwa tarehe 10 Disemba 1963. Tarehe 12 Januari ni jambo jingine na tusilifungue hapa.

---

Kutoka: Mzee wa Vikokotoni

Umeshalifungua.

---

Kutoka: Msimamizi

Jamani. Hii mada ni ya faini ya skuli. Habari za 1963 na 1964 zilishatuvunjia kundi mara moja, anayetaka aandikiane pembeni. Atakayeendelea namweka kwenye foleni ya kusubiri idhini, hata akiwa mzee wangu.

---

Kutoka: Mzee wa Vikokotoni

Sijasema kitu.

---

Kutoka: Shangazi wa Luton

Mama Ilham kuhusu ILR, jirani yangu alikuwa na faini ya kuegesha gari akaiandika akapata, mwengine hakuandika akapata. Lakini hizo za gari. Ya skuli sijui wanaiweka kundi gani.

---

Kutoka: Kijana wa Reading

Faini ukishailipa si hukumu ya mahakama, hilo najua. Usipolipa ndiyo wanakupeleka kwa hakimu chini ya ile sheria ya elimu ya 1996, na hapo faini inaweza kufika 1,000 na kuendelea. Kwa hiyo usiiache ikae hata kama unabishana nao, siku 28 zikipita zimepita. Ya fomu muulize wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si mtu wa dukani anayejaza fomu kwa paundi 50.

---

Kutoka: Baba Mapacha

Yule wa dukani alijaza yangu na nikapata.

---

Kutoka: Kijana wa Reading

Hongera.

---

Kutoka: Mama Wawili Glasgow

Jamani mwenye mchoro wa ile nguo ya ngamia naomba, Disemba hii wangu kapewa ngamia pia.

---

Kutoka: Shangazi wa Luton

Haina mchoro, blanketi linakunjwa mara mbili, nundu ni mto mdogo wa sofa, shingo weka waya wa henga. Nitapiga picha nikirudi kazini.

Na kabla sijasahau, wale wa Luton na Bedford, ukumbi wa Jumamosi ya likizo kwa ajili ya watoto umepatikana, mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, Idi na siku za kuzaliwa na kila kitu tunafanya pamoja kwa sababu Jumamosi hakuna rejista. Biriani nimeshalibeba mimi. Nataka mtu wa visheti, mtu wa juisi ya ukwaju, na mwenye sufuria kubwa la pishi anirejeshee, amekaa nalo tangu Ramadhani na anajijua.