Naombeni ushauri: haja ya ghafla nikiwa kwenye baiskeli

Habari zenu wakuu. Naenda kazini kwa baiskeli, Mbagala Rangi Tatu hadi Posta kwa Barabara ya Kilwa, hapa Dar es Salaam. Shida yangu ni haja kubwa kunibana ghafla njiani, hasa nikishapita Mtongani. Tumbo linasokota, kijasho chembamba kinanitoka, na kila nikikanyaga pedali hali inazidi.

Najua chai na chakula cha asubuhi huamsha utumbo, kwa hiyo siku hizi naamka mapema, nakula, nasubiri niende chooni ndipo nitoke. Imesaidia kiasi. Sarafu za choo cha kulipia ninazo mfukoni, karatasi na sabuni pia. Kinachonishinda ni baiskeli yenyewe: kwenye vituo vya mafuta wengine hawataki niingie nayo, na nikiifunga nje kwenye nguzo, kufuli la waya linakatwa kwa koleo mara moja.

Mnaopita njia hii, kati ya Mtongani na Bendera Tatu mnaingia choo gani alfajiri? Msikitini wanamruhusu asiyekuja kuswali? Dawa za kufunga tumbo naogopa kuzizoea. Kuna aliyemwona daktari kwa shida hii? Aliambiwaje?