Kabati la kwenye katoni: mazungumzo ya Kundi la Ukoo, Dodoma

Neema: Shikamooni wazee wangu, na ndugu zangu wote habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nyumba ya kupanga ya Nzuguni tumekwisha kuhamia, lakini nguo bado ziko kwenye mabegi na mtoto analala nasi. Leo nimepita duka moja mjini linalouza samani za kwenye katoni, zile za kuunganisha mwenyewe, nikaona kitanda, kabati la nguo la milango mitatu na kabati la droo la mtoto. Muuzaji ameniambia kwamba ni mtindo wa IKEA, ile kampuni ya samani ya Uswidi, kwamba Ulaya ndizo wanazotumia, na kwamba vyote vitatu vinaingia kwenye guta moja. Bei ya kabati la nguo ni kama nusu ya ile aliyonitajia Mjomba Yona kwa kabati la mninga. Sitaki kumvunja moyo Mjomba, ndiyo maana nauliza mbele yake wala si pembeni.

Mjomba Yona: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema. Waache waliozitumia waseme kwanza, nami nitasema mwisho, kwa kuwa mimi pia ni muuzaji na neno la muuzaji huwa lina upande.

Shangazi Mary: Basi nianze mimi, kwa sababu yaliyonipata bado yananiuma. Miaka miwili iliyopita nilinunua kabati la aina hiyo kwa ajili ya chumba cha wageni hapa Kisasa. Siku lilipofungwa lilipendeza kweli: jeupe, lina kioo, na milango yake inajifunga polepole bila kishindo. Lakini mnajua jinsi tunavyopiga deki katika nyumba zetu. Vumbi la Dodoma haliondoki kwa kitambaa kilichokamuliwa, lazima maji yamwagwe. Baada ya miezi minne hivi nikaona kona ya chini, upande wa mlango, imeumuka kama andazi lililodondokea kwenye chai. Nikaibonyeza kwa kidole, karatasi ya juu ikabanduka, na ndani zikatoka chenga za mbao zilizolowa. Ulipofika mwezi wa sita kabati lilikuwa limeinama upande mmoja, bawaba ya chini imechomoka pamoja na kipande cha ubao wake, na fundi niliyemwita akasema hawezi kuirudishia kwa sababu skrubu haina mahali pa kushika. Nilipokwenda dukani niliambiwa kwamba katoni ikishafunguliwa mali ni ya mnunuzi. Sisemi kwamba samani zote za katoni ziko hivyo. Kinachoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyeniambia kuwa ndani yake hamna ubao.

Mama Mdogo Ester: Pole sana, wifi. Kumbe ndiyo maana chumba kile siku hizi kina kamba ya kutundikia nguo.

Baba Mdogo Stefano: Pole, dada. Hata hivyo naomba nizitetee kidogo, kwa sababu mimi zimenifaa. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, sisi watumishi tulihama kwa zamu, na ilipofika zamu yangu nilikuwa na seti ya makochi ya mbao nzito iliyonigharimu karibu nauli ya lori zima kutoka Dar es Salaam. Ilipofika Area D haikupita mlangoni. Tuliishusha, tukaipandisha, tukang'oa fremu ya mlango wa mwenye nyumba, na bado kochi moja lilivunjika mguu. Rafu yangu ya vitabu ya katoni niliifungua mwenyewe usiku wa kuamkia safari, nikaweka skrubu zote kwenye mfuko wa chumvi, na mbao zikasafiri zikiwa zimelala chini ya godoro. Siku nilipoifunga upya, kijana wangu alikuwa darasa la pili. Yeye ndiye aliyekuwa akinipa skrubu moja moja na kusoma michoro, nami nikizungusha ile spana ndogo iliyopinda. Hadi leo hakubali rafu ile itolewe sebuleni, anasema aliijenga yeye. Nakiri kwamba tulipohamia Ilazo na kuifunga mara ya tatu, matundu mawili yalikuwa yamelegea na nililazimika kujaza njiti za kiberiti na gundi. Kwa mtu anayejua kwamba atahama tena, hata hivyo, sioni kwa nini abebe mninga mgongoni.

Eliya (Göteborg): Shikamooni wote kutoka Uswidi. Nimesoma maelezo yenu yote, na kwa kuwa naishi katika nchi ambako IKEA ilizaliwa, naomba niseme mambo matatu au manne.

Kwanza, dada Neema, muuzaji akisema "mtindo wa IKEA" ujue kwamba hasemi "IKEA". Kampuni yenyewe haina duka Tanzania. Katika Afrika ina maduka Misri na Moroko. Mtu yeyote anaweza kukata ubao, kuutoboa matundu na kuutia kwenye katoni. Kwa hiyo sifa za kampuni ile hazikulindi wewe, na vilevile makosa ya kabati la Shangazi hayawezi kuhesabiwa kuwa yake.

Pili, wazo lenyewe lilianza kwa shida kama ya Baba Mdogo. Kampuni ilianzishwa mwaka 1943 na Ingvar Kamprad akiwa kijana wa miaka 17, na mwanzoni aliuza vitu vidogo vidogo kama kalamu na pochi. Samani zilikuja baadaye. Katika miaka ya 1950 mfanyakazi wake mmoja, Gillis Lundgren, alitaka kupakia meza kwenye gari, ikakataa kuingia, akaona njia rahisi ni kuifungua miguu. Kuanzia mwaka 1956 kampuni ikaanza kuuza samani zilizofunguliwa na kulazwa bapa ndani ya katoni. Lori linalobeba meza iliyosimama hubeba hewa nyingi kuliko mbao, na hewa hiyo mteja ndiye anayeilipia. Ukiitoa hewa, bei inashuka. Vilevile kazi ya kuunganisha anaachiwa mteja, na bei inashuka tena. Lundgren huyohuyo ndiye aliyebuni rafu ya vitabu ya Billy, iliyotoka mwaka 1979 na inauzwa mpaka leo. Ninayo chumbani, na sina malalamiko nayo.

Tatu, hisia za watu hata hapa zimegawanyika. Duka limepangwa kwa njia moja inayozunguka idara zote, kiasi kwamba ukienda kununua taa unapita kwanza kwenye vitanda, majiko na mapazia, ukala na mipira midogo ya nyama mgahawani, kisha unatoka na mizigo ambayo hukuikusudia. Wapo wanaoipenda safari hiyo na wapo wanaoichukia. Wengine wanachoshwa na kukuta rafu ileile katika kila nyumba wanayotembelea. Jambo moja ninalolisifu bila kusita ni kwamba hapa mteja anapewa siku 365 za kurudisha bidhaa ambayo haijatumika. Duka lako, Shangazi, halikuwa na nafasi kama hiyo.

Baba Mdogo Stefano: Na mapenzi ya kijana wangu kwa rafu ile, je? Huwa nayafikiria sana.

Eliya (Göteborg): Yamefanyiwa utafiti, Baba Mdogo. Watafiti watatu, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, waliwapa watu masanduku ya IKEA wayaunganishe, kisha wakawauliza wangelipa kiasi gani ili kuyachukua. Walioyaunganisha wenyewe walitaja bei kubwa kuliko waliopewa yaliyokwisha kuunganishwa, ingawa sanduku lilikuwa lilelile. Makala yao ilichapishwa mwaka 2012. Lakini waliozuiwa kumaliza kazi hawakuwa na thamani hiyo ya ziada mioyoni mwao. Nadhani ndiyo sababu mtu aliyekosa skrubu moja ya mwisho hukasirika kuliko aliyepoteza fedha.

Mama Mdogo Ester: Eliya mwanangu, mimi nataka kujua habari ya droo za mtoto. Nilisikia kwamba makabati ya droo yaliua watoto Marekani. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Eliya (Göteborg): Ni kweli, Mama Mdogo, na ndilo jambo la nne nililotaka kulisema. Makabati ya droo ya kampuni hiyo, hasa aina ya Malm, yalipinduka na kuwaangukia watoto wadogo, na kadhaa walifariki. Mwaka 2016 kampuni iliyaita kurudishwa makabati milioni 29 nchini Marekani. Yalikuwa yameuzwa pamoja na vifaa vya kuyafunga ukutani, lakini watu wengi hawakuvifunga. Neema, usinunue kabati la droo mpaka umejua litafungwaje ukutani.

Neema: Nimeshtuka. Mtoto wetu ana miaka miwili na tayari anapanda kila kinachopandika.

Mjomba Yona: Sasa na mimi niseme, na ninaanzia hapo kwenye droo. Kabati lolote la droo linaweza kupinduka, liwe la katoni au la mninga. Mtoto anavuta droo ya kwanza, ya pili na ya tatu, anazifanya ngazi, na uzito wote unakuja mbele ilhali nyuma hakuna kinachozuia. Kabati jepesi hupinduka upesi zaidi. Nitakuletea vyuma viwili vya pembe na plagi za ukutani za kushikia skrubu, na mashine ya kutobolea ninayo. Hilo halina gharama, wewe niambie tu siku.

Shemeji Mary, kilichokupata ni chipibodi. Ni chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na adui yake ni maji, hasa yanapoingia kwenye kingo ambazo hazikufunikwa vizuri. Kabati lako halikupaswa kukanyaga sakafu. Lingewekewa miguu ya plastiki au vipande vya mbao vya kuliinua vidole vitatu, lingekuwa zima leo. Neema, ukirudi dukani, omba uonyeshwe ubao mmoja nje ya katoni. Utazame ukingo wake wa chini kama umefunikwa. Pima unene: milimita 16 au 18 ni sawa, chini ya hapo mlango utavuta bawaba. Kisha tazama ubao wa mgongoni, maana huo ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Ukiwa laini kama jalada la daftari, ondoka.

Lakini nisiwaseme wenye katoni peke yao. Sisi mafundi tuna makosa yetu, na wateja wana haki ya kutukimbia. Tunasema Jumamosi, mteja anakuja Jumamosi tatu. Tunapokea mbao za paini kutoka Mafinga zikiwa bado mbichi, tunaziunda hivyohivyo, na kiangazi cha hapa kinazikausha zikiwa tayari ni mlango. Nimewahi kumkabidhi mteja kabati ambalo baada ya miezi mitatu mlango wake uliacha upenyo wa kidole kizima. Nililirudia bila malipo, lakini lile doa sijalisahau.

Jambo la mwisho. Mnaongea kana kwamba kufungua samani ni elimu ya wageni. Kitanda nilichomtengenezea mama yake Neema kilitoka Kondoa juu ya basi, kichwa peke yake, mbavu peke yake, chaga zimefungwa kwa kamba, bolti ziko mfukoni mwangu. Vitanda vyetu tumevifungua siku zote. Sijui ni nini kilituzuia kufanya vivyo hivyo kwenye makabati.

Baba Mdogo Stefano: Hapo umenena, shemeji. Kabati la bolti lingeniokoa na lile lori.

Neema: Mjomba, je, unaweza kunitengenezea la namna hiyo? Tunatarajia kuhamia kwenye kiwanja chetu cha Ihumwa baada ya miaka miwili, kwa hiyo ni lazima lifunguke. Mninga siuwezi kwa sasa.

Mjomba Yona: Naweza, kwa paini iliyokauka. Ninazo mbao zilizokaa karakanani Chang'ombe tangu mwaka jana. Bei itakuwa juu kidogo ya ile ya katoni, si mara mbili. Nipe wiki tatu, na ikizidi hata siku moja uniandike hapa hapa kundini.

Shangazi Mary: Nami nitakuwa shahidi.

Neema: Nashukuru sana. Basi kitanda na kabati la nguo ni kwako, Mjomba. Kabati la droo la mtoto nitalichukua la katoni, nikishaona huo ubao wa mgongoni, nawe utalifunga ukutani.

Mjomba Yona: Nipimie upana wa mlango wa chumba, na uniambie ukuta ni wa tofali gani.

Neema: Mlango ni sentimita 78. Ukuta ni wa tofali za saruji, lakini plasta yake inamomonyoka ukiigusa.

Mjomba Yona: Basi nitaleta plagi ndefu. Jumapili baada ya ibada.