Nibaki Ujerumani au nihamie Marekani? Ushauri wa haraka tafadhali

Binti wa Baridi: Wakuu, habari za humu. Niko Erfurt, Ujerumani, mwaka wa pili wa Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi kwenye kituo cha wazee. Mjomba yuko Dallas, ananiambia niache nimfuate. Swali langu dogo tu: wapi mgeni mweusi anaishi kama mtu, Ulaya au Marekani? Huku nimechoka. Asubuhi tramu imejaa, watu wamesimama wameshikilia vyuma, kiti cha pembeni yangu kitupu mpaka nashuka. Kuna mzee nikienda kumwogesha anaficha mikono chini ya blanketi hadi aje Mjerumani mwenzake. Wiki ijayo lazima niwe nimeamua.

Mla Ugali Columbus: Njoo. Huku mtu hakujui lakini anakusalimia na kusifia viatu vyako. Shida yetu ni bunduki na bili. Niliteleza kwenye barafu nikaitiwa ambulensi, safari ya dakika kumi, nimeilipia miezi saba. Na chuki ipo. Septemba 2024 Trump alisema kwenye mdahalo wa urais kwamba Wahaiti wa Springfield, hapa kwetu Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Viongozi wa mji wakasema hakuna ushahidi, ila mimi kazini niliulizwa wiki nzima kama paka wana mafuta.

Kijiko: Sasa wana mafuta au hawana?

Mzee wa Leicester: Mnalia na tramu! Mimi 2003 huku Uingereza nabeba maboksi usiku, chumba kimoja tuko wanane, tunalala kwa zamu, godoro halipoi. Msimamizi Mhindi wa Kampala, wale waliofukuzwa na Amin 1972, anatutukana kwa Kiswahili safi kabisa. Nilimpenda kwa hilo.

Nesi wa Munich: Dada, Erfurt ni Thuringia. Uchaguzi wa jimbo wa Septemba 2024 AfD, kile chama kinachopinga wahamiaji, walishika namba moja, karibu theluthi ya kura. Usiipime Ujerumani yote kwa hapo. Maliza, chukua cheti, hamia Hamburg. Ila umebakiza kidogo umalize miaka mitatu, hii haraka ya wiki moja inatoka wapi? Na unaenda kwa visa gani?

Binti wa Baridi: Ya matembezi, niliipata mwaka jana. Haraka ni mambo ya kifamilia.

Nesi wa Munich: Yapi?

Binti wa Baridi: Haya. Nina mimba ya miezi sita. Huku mtoto hapati uraia mpaka mzazi mmoja awe ameishi kihalali miaka mitano, mimi nina miwili. Kule akizaliwa tu ni raia. Msinihukumu, tiketi nimeshakata.

Mama Upendo: Na baba wa mtoto je? Watu wazima wote humu, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nesi wa Munich: Kumbe! Mdogo wangu, hilo ndilo ungeanza nalo. Uraia wa kuzaliwa upo kwenye katiba yao tangu 1868, lakini Januari 2025 Trump alisaini amri ya kuwanyima watoto wa wenye visa za muda. Majaji waliizuia, sawa, ila ofisa wa uwanja wa ndege akiliona hilo tumbo anaweza kukugeuza. Hapo ulipo mwajiri haruhusiwi kukufukuza, unapumzika wiki sita kabla na nane baada, uzazi unalipwa na bima. Barua ya kuacha umeshapeleka?

Binti wa Baridi: Nimeiandika. Iko kwenye begi. Hospitali mjomba amesema atalipa.

Mpekuzi: Hii chai. Mwezi uliopita ulifungua uzi unauza shamba Kibaha, ukaandika "nipo saiti, njoo uone". Erfurt ulifika kwa daladala?

Binti wa Baridi: Shamba ni la mama. Kaka ndiye anatumia akaunti yangu kupokea wateja. Ndiyo nauli yenyewe.

Mpekuzi: Mjomba analipa hospitali ya Dallas, nauli mnauza shamba?

Mzee wa Leicester: Chai ina tangawizi, mimi naendelea kunywa.

Mla Ugali Columbus: Ekari ngapi? Lina hati?

Binti wa Baridi: Mbili. Hati inafuatiliwa. Njoo inbox.