Naomba ushauri kwa wanaotumia vile vyungu vya siagi vya maji

Habari zenu wakuu, nina kile chombo cha kauri cha vipande viwili cha kuweka siagi bila friji, yaani kifuniko kina kikombe ndani unakijaza siagi halafu unakigeuza kichwa chini kwenye maji kidogo, maji yanazuia hewa isiingie na siagi inabaki laini ya kupaka mkate muda wote. Idea naipenda kinoma, siagi ya kwenye friji inachana mkate tu.

Sasa shida ni joto. Nasikia ikifika kama nyuzi 27 siagi inaachia na kudondoka kwenye maji, na kweli mchana naikuta imeteleza upande mmoja, juu kuna vitone vya maji. Naikandamiza na mgongo wa kijiko kutoa mapovu ya hewa, maji ya baridi nabadilisha kila baada ya siku mbili na natia chumvi kidogo, lakini jua likikaza ni kazi bure.

Kuna mtu katumia kile cha udongo usiopakwa rangi ya kung'aa, ambacho maji yanapenya taratibu na kukauka kwa nje ndo kinapoza? Kinahimili joto kweli au ndo kinaota ukungu tu? Na kukisafisha mnafanyaje, maana udongo unanyonya mafuta na yakichacha harufu haitoki kirahisi. Halafu siagi isiyo na chumvi mnathubutu kuiweka humo au ni ya chumvi tu? Wazoefu nisaidieni tafadhali.